Somo la 8: Mana na Matofali

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 5:1–19, Kutoka 16:13–30, Kutoka 18:13–23, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, 8:10–18, Nehemia 4:21–23, 6:15, 13:15–22, Danieli 1:8–14, 6:1–10, Marko 6:30–34.

Fungu la kukariri: Mhubiri 4:6. Kila mmoja alisome kwa sauti katika Biblia yake, kisha alikariri siku kwa siku hadi Sabato ijayo.

Katika makanisa yetu ya mijini yuko mshiriki ambaye sote tunamfahamu, ingawa jina lake hubadilika kutoka kanisa hadi kanisa. Ana kazi ya ofisini. Huenda ni mhasibu, karani wa forodha, ofisa mikopo wa benki au katibu muhtasi. Hutoka nyumbani saa 11 alfajiri ili aiwahi foleni, watoto wakiwa wamelala. Hurudi saa 3 usiku, watoto wakiwa wamelala tena. Kila mwezi kuna hesabu za kufunga, na Juni kuna mwaka wa fedha wa kufunga. Mshahara wake ndio ada ya mdogo wake, ndio dawa za mama kijijini, ndio zaka na sadaka ya jengo.

Siku akithubutu kusema kwamba amechoka, jibu huja haraka: “Dada, mshukuru Mungu una kazi. Wenzako wana vyeti na wanazunguka mjini na bahasha.” Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini mara nyingi hutumika kama kifuniko cha chungu kinachochemka. Dada hunyamaza, na moyoni huanza kuamini kwamba uchovu wake ni dhambi ya kukosa shukrani.

Je, mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa kazi aliyompa, na papo hapo akasema kwamba saa za kazi hiyo zimezidi? Juma hili tutaona kwamba Biblia inajibu ndiyo, tena inakwenda mbele zaidi: shukrani ya kweli ndiyo inayotupa ujasiri wa kuiwekea kazi mpaka. Tutajifunza kwa kutazama vitu viwili vilivyopita katika mikono ile ile ya Waisraeli, yaani matofali ya Farao na mana ya Mungu. Vyote viwili viliwataka watu waamke mapema na kujituma. Lakini mana ilikuwa na kipimo na siku ya kupumzika. Matofali hayakuwa na kimoja wala kingine.

JUMAPILI: Shukrani Inakwenda kwa Nani?

Soma Kumbukumbu la Torati 8:10–18. Musa anaona hatari gani inayomjia mtu aliyekwisha kula na kushiba?

Waisraeli walikuwa wanakaribia nchi yenye ngano, mizeituni na asali. Musa hakuwakataza kufanikiwa. Aliwaagiza wakishiba wamhimidi Bwana, kisha akawaonya dhidi ya sauti moja ya moyoni: kwamba ni uwezo wangu mwenyewe ulionipatia haya yote. Katika fungu la 18 anawakumbusha kwamba hata nguvu za kutafuta mali zimetoka kwa Mungu.

Sauti hiyo ya kiburi tunaifahamu. Lakini kwa mfanyakazi wa ofisini kuna sauti nyingine iliyo jirani nayo, nayo ni ya hofu. Inasema: “Bosi wangu ndiye aliyenipatia haya yote. Bila yeye mimi si kitu.” Kiburi humsahau Mungu kwa kujitazama mwenyewe. Hofu humsahau kwa kumtazama mwanadamu. Mwisho wake ni mmoja, kwa kuwa Mtoaji amesahauliwa.

Mwajiri anastahili heshima, uaminifu na kazi safi. Paulo anafundisha hivyo katika Wakolosai 3:22–24, tena anataka tufanye kazi kwa moyo hata pale tusipoonekana. Lakini kati ya mwajiri na mwajiriwa kuna mapatano: huyu anatoa kazi, yule anatoa ujira. Mwezi ukiisha na kila mmoja akawa ametimiza sehemu yake, hakuna anayemdai mwenzake. Kilicho juu ya mapatano hayo, yaani pumzi, akili, afya na mlango uliofunguka siku ya usaili, kimetoka kwa Mungu. Mwajiri ni mfereji. Chemchemi ni Mungu. Shukrani ya chemchemi ikipelekwa kwenye mfereji hugeuka deni lisilolipika, na mwenye deni hilo hawezi kamwe kusema, “Leo naomba kuondoka saa 11.”

Katika 1 Wathesalonike 5:18 Paulo anatuagiza kushukuru katika kila hali. Hakusema kwamba kila hali ni njema. Tazama alivyoliishi fundisho hilo kule Filipi. Usiku, akiwa amepigwa na kufungwa miguu, yeye na Sila walimwimbia Mungu (Matendo 16:25). Asubuhi, mahakimu walipotaka kumtoa kimyakimya, alikataa. Akataja haki yake ya uraia, akataka waje wenyewe kuwatoa (fungu la 37). Mtu yule yule aliimba sifa usiku na kudai haki asubuhi, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Tafakari: Unapomshukuru Mungu kwa kazi yako, je, moyo wako hupata amani, au huongezewa hofu? Jibu lako linakuonyesha nini kuhusu mahali ambapo shukrani yako imekuwa ikielekea?

JUMATATU: Pishi Moja kwa Siku

Soma Kutoka 16:13–30. Mungu aliweka maagizo gani juu ya zawadi yake, na nini kiliwapata waliokwenda kinyume nayo?

Mana ilikuwa zawadi tupu. Hakuna aliyeipanda wala kuipalilia. Hata hivyo haikuwadondokea watu midomoni. Iliwabidi waamke asubuhi, wainame na waokote kabla jua halijawa kali, kwa maana jua likipanda iliyeyuka. Mungu hakuona ubaya katika kuamka mapema wala katika jasho.

Lakini zawadi ilikuja na kipimo chake: pishi moja kwa kila mtu. Wazee wetu waliopima nafaka kwa pishi na kibaba wanaielewa lugha hii. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kikijaa kimejaa; ukiendelea kumimina, nafaka inamwagika chini. Waliookota nyingi hawakubakiwa na kitu, na waliookota kidogo hawakupungukiwa. Waliojaribu kuweka akiba hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu mbaya.

Kisha siku ya sita zikaja pishi mbili kwa kila mtu, na zile za akiba hazikuoza. Siku ya saba baadhi ya watu walitoka na vyombo vyao, wasikute kitu. Angalia jambo hili kwa makini: Sabato hii iliwekwa mbele ya watu kabla hawajafika Sinai, na iliwekwa ndani ya habari ya chakula cha kila siku. Kwa muda wa miaka 40 Mungu aliwafundisha somo lile lile kila juma, kwamba mkono unaolisha siku sita hauchoki siku ya saba.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kuipokea mana kwa shukrani kulikuwa na maana ya kuipokea pamoja na kipimo chake. Aliyetoka kuokota siku ya saba huenda alijiona mwenye bidii, hata mwenye shukrani kuliko jirani yake aliyekaa hemani. Lakini matendo yake yalisema kwamba hakumwamini Mtoaji. Vivyo hivyo na kazi zetu. Anayesema kwa kinywa, “Asante Bwana kwa kazi,” kisha akaishi kana kwamba akipumzika siku moja kila kitu kitaporomoka, ameipokea zawadi na kumwacha Mtoaji mlangoni.

Kuna pia saa ambazo hatuzitumii kwa sababu ya agizo la mtu, bali kwa sababu ya konzi ya pili ile ya Mhubiri. Gari la jirani limebadilishwa, nyumba ya mwenzetu imepanda ghorofa, na moyo unasema pishi moja haitoshi. Mhubiri 4:8 inamtaja mtu asiye na mwana wala ndugu, ambaye hata hivyo kazi yake haina mwisho, wala hajiulizi anajitaabisha kwa ajili ya nani.

Tafakari: Katika maisha yako ya sasa, “pishi moja” ni kiasi gani? Ni kitu gani ulichokikusanya zaidi ya hapo na sasa kimeanza kuoza mikononi mwako: afya, ndoa, ibada ya familia?

JUMANNE: Hesabu ya Matofali

Soma Kutoka 5:1–19. Ombi la Musa lilikuwa nini, na Farao alilitafsiri vipi?

Musa na Haruni waliomba ruhusa ya kwenda kuabudu. Farao akajibu kwa amri mbili: majani makavu yasitolewe tena, na hesabu ya matofali isipungue. Watu wakatawanyika kutafuta mabua, wanyapara wakapigwa, na walipolalamika wakaitwa wavivu. Farao alisema ombi lao la ibada lilitokana na uvivu. Katika fungu la 5 anawalaumu Musa na Haruni kwa kuwapumzisha watu, na neno la Kiebrania lililotumika hapo linatokana na shina lile lile la neno Sabato. Vita juu ya pumziko ilikuwa imeanza kabla ya bahari kupasuliwa.

Wafanyakazi wengi wa leo wanausoma mlango huu na kuona ofisi yao. Watu watano wamepunguzwa wakabaki watatu, na hesabu ya matofali ni ile ile. Anayeomba kuondoka kwa wakati huitwa hana moyo wa kazi.

Mungu aliitikiaje? Kutoka 2:23–25 na 3:7 zinasema alisikia kilio chao na kuyajua maumivu yao. Tutofautishe basi kulia na kunung’unika. Katika Kutoka 16:2, 3 watu walinung’unika: waliutazama wema wa Mungu wakautamani utumwa wa jana. Katika Kutoka 2 walilia, na kilio chao kikamfikia Mungu. Mwenye kunung’unika anamkimbia Mungu, mwenye kulia anamkimbilia. Anayesema katika maombi, “Bwana, asante kwa kazi hii, lakini inaniua,” hajatenda dhambi. Tusimzibe mdomo kwa jina la shukrani.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma. Saa za ziada huhitaji makubaliano, wala zisizidi 50 katika kipindi cha majuma manne. Mfanyakazi anatakiwa kupata saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku, na angalau saa 24 kila juma. Baadhi ya vifungu hivi haviwagusi wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mkristo anayezijua haki hizi na kuziomba kwa adabu hafanyi uasi.

Lakini kabla ya kumnyoshea Farao kidole, tugeukie nyumbani kwetu. Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Amri inataka mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike kama wewe, na sababu yake ni kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa. Sasa, mama anapotoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, kuna binti wa kazi aliyeamka kabla yake na atakayelala baada yake. Siku ya Sabato sisi tukiwa kanisani tumevaa vizuri, yeye yuko jikoni akitusubiri na chakula cha moto. Inawezekana kabisa mtu akawa Mwisraeli ofisini na Farao jikoni kwake.

Tafakari: Taja mtu mmoja ambaye saa zake za kupumzika ziko mikononi mwako. Juma hili utambadilishia nini?

JUMATANO: Mpaka Nyota Zilipotokea

Soma Nehemia 4:21–23 na 6:15. Linganisha na Kutoka 18:13–23. Saa za kazi za Nehemia zina tofauti gani na zile za Musa?

Biblia haifundishi kwamba kila siku ndefu ya kazi ni kosa. Nehemia na watu wake walifanya kazi toka alfajiri mpaka nyota zilipoonekana, na usiku wakalinda zamu. Walilala na nguo zao. Hakuna anayewaita watumwa, na sababu zake zinaonekana. Kazi ilikuwa na kusudi ambalo kila mmoja alilielewa. Kiongozi wao alikesha pamoja nao. Tena kazi ilikuwa na mwisho: ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Huu ni mzani mzuri kwetu. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara inapotakiwa kumfikia Mamlaka ya Mapato kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, mhasibu hukesha siku mbili tatu, kisha hupumua. Wakaguzi wanapokuja, ofisi nzima hushikana mikono. Hizo ni siku za ukuta, na Mkristo asiwe wa kwanza kukimbia wenzake wakielemewa. Lakini dharura ikidumu mwaka mzima haiitwi tena dharura. Ukuta usiokamilika kamwe umegeuka kuwa matofali.

Musa alikuwa na tatizo jingine. Hakuwa na Farao juu yake. Kazi aliyoifanya ilikuwa njema: aliamua mashauri ya watu na kuwafundisha sheria za Mungu. Hata hivyo alikaa tangu asubuhi hata jioni, peke yake, na foleni ya watu mbele yake. Mkwewe Yethro alipoona hayo alimwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, na kwamba yeye na watu wangedhoofika pamoja. Hakumwambia aache kazi. Alimwambia agawe kazi kwa watu waaminifu.

Wapo kati yetu ambao hawakuwekewa mzigo na mtu. Hawamwamini mwenzao kushika funguo wala kutia sahihi barua. Wapo pia wanaopoteza saa 3 za asubuhi katika mazungumzo na simu, kisha wakaziita saa za usiku mzigo wa kazi. Na kanisa nalo lijichunguze. Mshiriki aliyetumika ofisini Jumatatu hadi Ijumaa tunamkabidhi uhazina, kwaya, kamati ya ujenzi na ripoti ya Dorkas, halafu vikao vyote vinafanyika Sabato mchana. Yethro angetutazama na kusema neno lile lile.

Mwili hauna mlango wa siri wa kukwepa jambo hili. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya utafiti wao wa pamoja. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulihusishwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Sisi tunaofundisha kiasi katika chakula na kinywaji, je, tunafundisha kiasi katika kazi?

Tafakari: Orodhesha saa zako za juma lililopita. Zipi zilikuwa za ukuta, zipi za matofali, na zipi ulijiwekea mwenyewe?

ALHAMISI: Dirisha na Lango

Soma Danieli 6:1–10, 1:8–14, Nehemia 13:15–22. Danieli na Nehemia walilindaje wakati wa Mungu katikati ya kazi ya serikali?

Danieli alikuwa mtu wa ofisi. Juu ya maliwali 120 walikuwepo mawaziri watatu, naye alikuwa mmoja wao. Maadui zake walipekua kazi yake wasipate kosa wala uzembe. Mtu huyu mwenye majukumu ya ufalme alikuwa na dirisha lililofunguliwa, na mara tatu kila siku alipiga magoti. Danieli 6:10 inaongeza kwamba alishukuru mbele za Mungu wake, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Shukrani yake ilikuwa na saa zake, na saa hizo hazikuwa za kuazimwa na ofisi.

Alifikaje hapo? Alianza mapema, akiwa kijana, kwa ombi dogo lililosemwa kwa adabu. Katika mlango wa 1 hakugoma wala hakumtukana msimamizi. Aliomba ajaribiwe siku 10. Alimpa mwenye mamlaka njia ambayo haikumhatarisha. Nasi tujifunze hivyo. Usingoje Ijumaa saa 10 jioni ndipo useme, “Bosi, mimi ni Msabato.” Sema siku ya usaili, au sema Jumatatu moyo ukiwa umetulia: “Bosi, naheshimu kazi hii na sitaki ilale. Naomba Ijumaa niondoke saa 10. Ripoti nitaikamilisha Alhamisi, na ikibidi nitakuja Jumapili asubuhi.” Kisha hakikisha kwamba Alhamisi ripoti imekamilika kweli. Ombi la Danieli lilikuwa na uzito kwa sababu kazi yake haikuwa na doa.

Nehemia naye anatuonyesha lango. Alipoona biashara inaingia Yerusalemu siku ya Sabato, aliagiza malango yafungwe giza lilipoanza kuingia, kabla ya Sabato, wala yasifunguliwe hadi Sabato ipite. Wafanyabiashara walilala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakaelewa. Jijini Dar es Salaam na Nairobi jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Anayetoka ofisini saa 11 na nusu siku ya maandalio ataifungulia Sabato kwenye foleni, huku watoto wakiimba bila yeye. Na lango la siku hizi liko mfukoni. Simu isipofungwa, mizigo yote ya juma itaingia nayo hadi kwenye benchi la kanisa.

Tuseme pia ukweli mgumu. Danieli alipelekwa kwa simba. Yeye alitoka salama, lakini si kila ombi la Ijumaa hujibiwa kwa wema. Wapo ndugu zetu waliopoteza kazi kwa ajili ya Sabato na hawajapata nyingine hadi leo. Tusiwahubirie kwamba walipungukiwa imani. Ikiwa tunawafundisha washiriki kufunga lango, basi kanisa liwe tayari kubeba unga, kodi ya nyumba na ada ya shule ya yule aliyelifunga akabaki nje. Ahadi ya mana ilitolewa kwa kambi nzima.

Tafakari: Ni neno gani la heshima na la kweli unalopaswa kumwambia msimamizi wako, ambalo umeliahirisha kwa muda mrefu?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Marko 6:30–34, kisha sura ya 38 ya kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, inayoeleza habari hiyo.

Mitume walikuwa wamerudi kutoka kwenye kazi yenye mafanikio. Walikuwa na taarifa nyingi za kutoa, na watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Kwa hesabu za ofisi, huo ndio wakati wa kuongeza kasi. Yesu aliwaita kando wapumzike. Hakuwaambia kwamba uhitaji umekwisha, maana makutano waliwafuata hadi ng’ambo, naye akawahurumia. Alijua kwamba uhitaji hautakwisha kamwe, na kwamba anayesubiri kazi iishe ndipo apumzike hatapumzika.

Kazi ni mana. Iokote mapema, kwa bidii na kwa wimbo. Kipimo chako kikijaa, simama. Siku ya sita andaa, na ya saba kaa hemani pamoja na wako. Hiyo si dharau kwa aliyekuajiri, wala si kukosa shukrani kwa Mungu. Ndivyo mtu huru anavyosema asante.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu wamo wenye kazi nyingi kupita kiasi na wamo wasio na kazi kabisa. Kila kundi lina maumivu gani ambayo kundi jingine halijayasikia? Pateni muda wa kusikilizana kabla ya kushauriana.

2. Ndugu amepandishwa cheo. Mshahara umeongezeka mara mbili, lakini atakuwa anarudi nyumbani saa 4 usiku, na mkewe ndiye atakayelea watoto watatu peke yake. Amekuja kwenu kuomba maombi ya shukrani. Mtaomba nini, na mtamwambia nini?

3. Wakolosai 4:1 inawaonya wenye mamlaka. Wale kati yenu wanaosimamia wengine, iwe ofisini, dukani au nyumbani, wanawezaje kuweka kipimo cha pishi kwa walio chini yao?

4. Kanisa lenu lina mpango gani kwa mshiriki anayepoteza kazi kwa sababu ya Sabato? Kama hakuna, ni nani atakayelipeleka jambo hili kwenye baraza la kanisa, na lini?

5. Rudieni fungu la kukariri. Kila mmoja ataje konzi moja atakayoiachia juma lijalo ili mkono wake upate kutulia.